Mapambo ya Sikukuu ya Mtoto Mdogo, Bila Puto na Bila Kununua

Mwezi huu katika ukurasa wetu wa familia nataka tuongee juu ya sikukuu ya kuzaliwa ya mtoto mdogo, ile wengi wetu tunaita aniverseri. Najua kuna wazazi wataguna. "Mwalimu, mgao wenyewe hautoshi, wewe unatuletea habari za aniverseri?" Nawasikia. Mimi pia nilisema hivyo hivyo mpaka nilipokwenda Kibenga, Bujumbura, mwezi wa saba mwaka 2025. Naomba mnivumilie mpaka mwisho, halafu mtasema wenyewe.

TAREHE ILIYOPOTEA NJIANI

Dada yangu, mtoto wa mama mdogo, alivuka mto Rusizi mwezi wa pili mwaka 2025, vita vilipoteremka kutoka Bukavu kuja bondeni. Alikuwa na watoto wawili: mvulana wa miaka mitano, na msichana ambaye alikuwa hajafikisha miaka miwili. Walilala kwanza Rugombo, katika uwanja wa mpira, pamoja na maelfu ya wenzao. Baadaye akafika kwa mama yake Kibenga. Mama mdogo anaishi pale katika chumba kimoja, nyuma ya nyumba ya watu ambao anawafulia nguo.

Siku ya kuandikishwa dada alikuwa amechoka, watoto wanalia, mstari ni mrefu. Alipoulizwa yule mdogo alizaliwa lini, akajibu "2023", basi. Karatasi ikatoka imeandikwa 1 Januari 2023. Wengi wenu mnaijua hiyo tarehe. Ukisoma daftari la darasa langu la watoto wa awali hapa kambini, utafikiri akina mama wote walikubaliana kujifungua siku ya mwaka mpya!

Mwezi wa tano dada alinipigia simu. "Wewe ni mwalimu, nisaidie. Mtoto wangu hakuzaliwa Januari. Alizaliwa siku ya Jumapili, watu wakitoka misa, na ilikuwa Jumapili ya pili baada ya Dipanda."

Nikachukua kalamu, nikarudi nyuma katika kalenda. Dipanda ya Kongo ni tarehe 30 Juni, na mwaka 2023 iliangukia Ijumaa. Basi Jumapili ya kwanza ilikuwa tarehe 2 Julai, na ya pili tarehe 9. Nikamwambia, "Dada, mtoto wako alizaliwa tarehe 9 Julai 2023." Akanyamaza. Nilifikiri simu imekatika, kumbe analia. Halafu akasema, "Basi mwaka huu tutamfanyia, hata kama ni kwa maji matupu."

Mjomba ukishaambiwa hivyo utakataa vipi? Niliomba karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, nikapanda gari. Mafuta yalikuwa haba nchini, magari yalikuwa machache, nilifika Kibenga usiku wa Jumatatu tarehe 7 nikiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi.

PUTO MOJA ILIPOPASUKA

Kesho yake asubuhi jirani mmoja mwenye moyo mzuri alisikia kuna sikukuu, akaleta pakiti ya maputo, yale tunaita balo. Tulifurahi. Tukaanza kupuliza, watoto wanacheka. La tatu likagusa ukuta, likapasuka, paaa!

Yule mvulana wa miaka mitano hakulia. Alimkamata mdogo wake mkononi, akamburuta chini ya kitanda, akamlalia juu. Alifanya haraka kama mtu aliyefundishwa. Hakuna aliyecheka pale ndani. Dada alilala chini kwenye sakafu, akamwita polepole, mpaka wakatoka.

Mama mdogo alikusanya maputo yote. Alifungua moja moja akatoa hewa taratibu, akayafunga katika kikwembe, akayarudisha kwa jirani na asante nyingi. Akarudi akasema, "Sikukuu ni kesho saa kumi. Nataka nyumba ipambwe, na sitaki kitu kinachopasuka. Tuna mikono au hatuna?"

Ndugu wazazi, hapo ndipo nilipojifunza haya nitakayowaeleza. Tena ongezeni hili: hata kwa mtoto ambaye hajasikia risasi, puto si kitu cha kumwachia. Kipande cha puto lililopasuka kinashika kooni na kuziba pumzi, na kukitoa ni vigumu. Huko Marekani sheria inataka pakiti za maputo ziandikwe onyo kwa ajili ya watoto walio chini ya miaka 8. Kwa hiyo ukikosa puto, usihesabu kwamba mtoto amepungukiwa.

VITU TULIVYOOKOTA

Kibenga iko kusini mwa Bujumbura, karibu na ziwa Tanganyika. Upande wa ziwa kuna nyumba nzuri ambazo wenyewe walizihama maji yalipopanda mwaka 2024. Huko matete ni mengi. Tulikwenda mchana, watu wazima tu, maana ufukwe ule viboko nao ni wenyeji. Tulikata matete machache ya kutundikia vitu. Migomba ilikuwa na majani makavu tele kwa sababu ni kiangazi. Kwa fundi cherehani tuliomba mabaki ya vitambaa, akatupa mfuko mzima, akashukuru kwamba tumemfagilia. Nyumbani kulikuwa na madaftari ya zamani na karatoni mbili za sabuni.

Zamani watu walikuwa wanakata mifuko ya plastiki kuwa maua. Msifanye hivyo. Hapa Burundi amri ya kukataza mifuko hiyo ilitolewa mwaka 2018, na ilianza kushika mwaka 2020. Tena mfuko wa plastiki ukimfunika mtoto mdogo usoni unamnyima pumzi.

Na mifuko ya karatasi ya saruji? Ile inababua ngozi na vumbi lake ni baya kwa kifua. Iacheni kwa mafundi.

KOLE NA RANGI

Kole. Unga ni chakula, kwa hiyo tumieni ule unaobaki kwenye chekecheo. Kijiko kikubwa kimoja cha unga wa muhogo, koroga na vijiko viwili vya maji baridi mpaka mabonge yaishe. Mimina ndani ya vijiko vitano vya maji yanayochemka, endelea kukoroga mpaka iwe nzito na ing'ae. Ipoe ndipo uitumie. Siku mbili inaanza kunuka, basi pikeni kidogo kidogo.

Rangi. Tulipata nne, na hakuna ya dukani:
- Njano: kijiko kidogo cha manjano ya mboga katika nusu kikombe cha maji ya moto.
- Nyeusi: mkaa uliotwangwa laini, uchanganywe na kole.
- Nyekundu ya udongo: udongo mwekundu uliochujwa kwa kitambaa, uchanganywe na kole.
- Rangi ya waridi: kokwa la avoka, likatwe vipande, lichemshwe karibu saa nzima. Maji yenyewe yanageuka mekundu, mtashangaa.

Msichovye karatasi ndani ya rangi, itachanika. Pakeni kwa kitambaa, anikeni kivulini.

MAPAMBO MATANO

1. Mnyororo wa karatasi. Kata ukurasa wa daftari vipande vyenye upana wa sentimita 3. Daftari la kawaida la shule linatoa vipande saba kwa karatasi moja. Kunja kipande kiwe pete, kipake kole mwishoni, shika kidogo mpaka kikamate. Pete ya pili ipite ndani ya ya kwanza, na kuendelea. Kwa kamba ya mita 3 unahitaji pete kama 70, yaani karatasi 10. Kazi hii inafaa watoto wa miaka mitano na zaidi, na wanajifunza kuhesabu bila kujua kwamba wanasoma.

2. Vibendera vya kikwembe. Kata pembetatu: juu sentimita 15, kushuka chini sentimita 20. Kunja ule upande wa juu kwenye kamba, shona kwa sindano, mishono mikubwa inatosha. Kamba tulisokota kwa nyuzi za mgomba. Hivi vibendera havichakai haraka. Mama mdogo alivihifadhi, vitatumika mwaka ujao, na jirani akiwa na ubatizo ataazima.

3. Mipira ya kutundika, badala ya puto. Kusanya majani makavu ya mgomba, yafinyange mkononi yawe kama chungwa kubwa. Yafunge kwa matambara, halafu kitambaa kizuri juu. Zungusha kamba ya mgomba kama tunavyofunga mipira yetu ya kuchezea, ukaze vizuri. Tulifanya mipira tisa, tukaitundika juu kwenye tete moja refu. Ukiigonga inabembea tu.

4. Taji la mtoto. Pima kichwa kwa uzi, ongeza sentimita 4. Chukua gamba kavu la mgomba, lile la ndani laini, lipitishe kitambaa chenye maji kidogo ili lisivunjike, likunje mara mbili, shona mwisho. Pamba kwa maua ya karatasi yaliyoshikwa kwa kole. Pini na waya hapana kabisa, mtoto atavua taji atalitia mdomoni. Yule wetu alilitia mdomoni baada ya dakika moja.

5. Jina na tarehe. Hili ndilo tuliliweka katikati ya ukuta. Tulikata karatoni upana wa mkono mzima, tukaipaka rangi ya njano, tukakata herufi za jina lake kwa karatasi nyeusi, na chini yake 9.7.2023. Dada mwenyewe ndiye aliyebandika ile 7. Aliibandika, akaisimamia mbali, akarudi akainyoosha, akasimama tena.

Na keki? Keki ilikuwa mandazi. Tuliyapanga kwenye sinia yakawa namba 2. Mshumaa ulikuwa wa karatasi iliyozungushwa, juu moto wa karatasi ya waridi. Mtoto alipuliza, mjomba akauangusha kwa kidole, watu wakapiga makofi. Hapa kambini tunaoishi chini ya shitingi tunajua mshumaa mmoja unaweza kufanya nini. Huu wa karatasi hauunguzi mtu.

MAMBO YA KUANGALIA KWA MTOTO CHINI YA MIAKA MITATU

- Kila kitu kinachoweza kupita katika tundu lenye upana wa sentimita 3 kinaweza kumkaba. Vizibo vya soda na bia ni vizuri kwa hesabu za darasani, lakini si kwa mtoto wa miaka miwili. Maharage, vifungo na punje za mahindi ni hivyo hivyo.
- Ukifanya kayamba kwa chupa na maharage, kifuniko kikazwe, kifungwe na kitambaa juu, na mtu mzima akae karibu.
- Kamba zote ziwe juu, asizifikie. Usimvalishe mkufu wa uzi shingoni. Sikukuu ikiisha, shusha kamba siku ile ile.
- Makopo ya mafuta yaliyokatwa yana makali. Yaacheni.
- Vitu vilivyopakwa kole ya unga visibaki usiku ndani, vinaita panya na mende.

SIKU YENYEWE

Jumatano saa kumi watoto wa pale nyuma walifika, wengine Warundi, wengine wetu, kama kumi na wawili. Walikula mandazi, wakanywa maji yenye limao na sukari kidogo. Waliimba Kirundi, waliimba Kiswahili, mama mdogo akacheza mpaka kilemba kikaanguka. Mwenye sikukuu alikaa chini ya jina lake, taji upande mmoja wa kichwa, akila ndazi kwa mikono miwili.

Mimi nilikuwa namwangalia kaka yake. Mwanzo alisimama mlangoni. Halafu akasogea, akagonga mpira mmoja wa kitambaa kwa kidole, haraka, akarudi nyuma. Mpira ukabembea. Akagonga tena, sasa kwa kiganja. Mwisho akaniomba nimshushie mmoja. Akaupiga chini kwa nguvu zake zote, akauokota, akaupiga tena. Akaniangalia akasema, "Mjomba, huu haulii." Akaubeba kwenda kuwaonyesha wengine, na mpaka jua linazama walikuwa wanaupiga teke uani.

Nilipohesabu fedha iliyotoka mfukoni, ilikuwa ya unga wa ngano, mafuta na sukari ya mandazi, na manjano kidogo. Mapambo yenyewe hayakula hata faranga moja, ila unga kidogo wa kole. Yalikula siku moja ya watu wanne.

KWA NINI NAWAANDIKIA HAYA

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 7, unasema mtoto aandikishwe mara baada ya kuzaliwa na awe na jina. Kifungu cha 31 kinasema ana haki ya kucheza. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, wa mwaka 1990, nao unasema hivyo katika kifungu cha 6 na cha 12. Sisi tukisikia haki tunafikiria ofisi na mihuri. Lakini mimi niliona haki hizo mbili zimebandikwa ukutani kwa kole ya muhogo.

Tarehe si kitu cha kuchezea. Kwa tarehe mtoto anajulikana kama umri wake wa kuanza shule umefika. Kwa tarehe atajulikana bado ni mtoto au tayari ni mtu mzima, siku atakapoulizwa. Ikiwa Januari si yake, ni vizuri aijue ile ya kweli tangu akiwa mdogo, na awe na watu waliokuwepo wakiimba.

Baada ya sikukuu dada alipeleka ombi la kusahihisha karatasi. Alieleza habari ya Jumapili na ya Dipanda, na bibi wa mtoto, aliyekuwepo wakati wa kuzaa, akakubali kuwa shahidi. Waliliandika ombi lake, wakamwambia angoje. Nilipoondoka Kibenga alikuwa bado anangoja. Lakini ile karatoni ya njano haikutupwa. Ameiviringisha katika kikwembe, pamoja na karatasi nyingine za maana.

Basi wazazi wangu, nina ombi moja. Katika darasa la awali tunataka kutengeneza kalenda kubwa ya karatoni yenye miezi 12, na kila mtoto awe na kibendera chake cha kikwembe kwenye siku yake. Mzazi anayejua tarehe ya kweli ya mtoto wake aje aniambie. Asiyejua asione haya, aje tuhesabu pamoja. Njoo na unachokumbuka: ilikuwa mvua au kiangazi? Kabla ya Pasaka, au baada ya Idi? Siku ya soko? Walikuwa wanavuna nini? Ni nani aliyezaa wiki hiyo hiyo? Kama una kadi ya chanjo au ya kupima uzito, hata imechanika, ilete. Tarehe tutakayopata haibadilishi karatasi ya ofisini yenyewe, lakini ni mwanzo wa kuiomba.

Mafundi cherehani, tafadhali msitupe mabaki ya vitambaa, tuwekeeni. Wenye migomba karibu na makazi, tutakuja kuomba majani makavu kwa heshima. Vijana wenye mkasi, tuazimeni, tutarudisha.

Mimi niko darasani kila asubuhi, na Jumamosi mchana nitakuwa chini ya ule mti wa karibu na bomba la maji, nikiwa na kalenda za miaka ya nyuma na sufuria ya kole. Karibuni sana, na watoto wenu.

Hadi mwezi ujao, amani iwe nanyi nyumbani.

Mwalimu wenu wa kujitolea, darasa la awali